Waya Hujulikana kwa Mzigo

Mwanangu, stata mpya haiponyi waya mgonjwa. Uliifunga ya kwanza, gari likawaka siku chache, kisha likarudia kimya chake. Ukaifunga ya pili. Sasa nasikia umeshaulizia bei ya ya tatu, na safari hii unataka ya ghali, kwa imani kwamba iliyo ghali haiwezi kushindwa. Sikukatazi. Fedha ni zako, na mgongo unaolala juu ya zege la Ohio ni wako. Ninachoomba ni kwamba kabla hujalipa, ukae kitako unisikilize mimi mjomba wako. Magoti yangu hayataki tena kuingia uvunguni mwa gari, ila ulimi bado una kazi.

Ninalokuambia si geni. Nililisema Tanga, enzi za malori ya Bedford na Leyland, na nimelisema huku Columbus kwa kila kijana aliyeniletea gari bovu na pochi iliyokonda. Wananisikiliza, wanaitikia "naam, mzee", kisha wanakwenda dukani kununua stata. Basi nalisema tena, maana kurudia ndiyo kazi aliyobakiziwa mzee: waya hujulikana kwa mzigo. Hamali bandarini ukimwona amesimama, mabega mapana, utasema huyu atabeba magunia mawili. Mtwike moja ndipo utaujua mgongo wake. Waya wa stata ndivyo ulivyo. Ukiwa haufanyi kazi, unaonekana mzima. Mita itakuonyesha volti 12, taa ya kupimia itawaka, nawe utaondoka ukisema upande huu ni salama. Hujapima chochote. Umemsalimia hamali tu.

Najua kizazi chenu hakitosheki na misemo, kwa hiyo nitakupa na hesabu. Mjerumani Georg Ohm aliichapisha kanuni yake mwaka 1827, na hakuna aliyeitengua: volti zinazopotea njiani ni ampea zinazopita, mara ukinzani wa njia hiyo. Stata ya injini kubwa ya V8, kama hiyo 460 iliyomo kwenye motahomu yako ya Ford E-350, hula ampea 150 hadi 200, wakati mwingine na zaidi. Tuseme kwenye kiungo kimoja cha kebo kuna ukinzani wa omu 0.01 tu, sehemu moja ya mia ya omu. Zidisha kwa ampea 200: umepoteza volti 2. Betri iliyokuwa na 12 na ushei imeshuka kwa mzigo hadi 10 na nusu, kiungo kimekula 2, na stata imebakiwa na 8 na nusu. Itajikongoja, au itagoma kabisa. Na pale kwenye kiungo, volti 2 mara ampea 200 ni wati 400 za joto. Ndiyo sababu ukigusa kibano cha kebo baada ya kuhangaika na ufunguo, unakikuta cha moto. Joto hilo ni umeme wako ulioishia njiani.

Sasa, mita ya kawaida haiwezi kuiona hiyo omu 0.01. Nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Taa ya kupimia nayo hutumia umeme mdogo mno; uzi mmoja wa shaba uliosalia ndani ya kebo iliyooza unatosha kuiwasha. Kwa hiyo gari likiwa limetulia, kila kitu kitakujibu kwa adabu na kila kitu kitakudanganya. Lazima upime wakati stata inahangaika. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na hapo ndipo vijana wengi hawataki kufika, kwa kuwa kunahitaji mtu wa pili na subira.

Stata ya umeme tunayoitukana asubuhi za baridi ilizaliwa jirani yetu. Charles Kettering aliitengeneza mjini Dayton, humu humu Ohio, ikaingia kwenye Cadillac za mwaka 1912 na kuwapumzisha watu na ile hendeli ya kuzungushia injini iliyokuwa ikivunja mikono. Kabla ya hapo alikuwa ameiwekea mota ya umeme mashine ya kupokelea fedha dukani, akajifunza kwamba mota ndogo yaweza kutoa nguvu kubwa sana mradi ifanye kazi kwa muda mfupi. Wasiolielewa hilo walidhani stata ingehitaji mota kubwa karibu sawa na injini yenyewe. Tangu siku hizo mpaka leo, stata ni mashine ya sekunde chache, na katika sekunde hizo inameza umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote garini. Ndiyo maana maradhi ya waya hayaonekani kwenye redio wala kwenye taa. Yanajitokeza kwenye stata, na stata inatupiwa lawama.

Kabla ya kushika mita, linda mwili wako. Weka gia kwenye P, vuta breki ya mkono, kisha wekea magurudumu vizuizi mbele na nyuma. Nyumba nzima juu ya magurudumu, tani nne au tano, haina huruma ikianza kuserereka. Funga mtungi wa gesi ya kupikia. Vua pete na saa, maana pete ikigusa chanya na chasisi kwa pamoja itayeyuka ikiwa kidoleni. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo usilete cheche karibu nayo. Unapofungua kebo, anza na hasi. Unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Na ule mchezo wa kulala chini ya gari na kuunganisha bolti za stata kwa bisibisi, uache. Gari likiwa kwenye gia bila wewe kujua, litawaka na kuondoka, na wewe uko njiani pake. Watu wamekanyagwa na magari yao wenyewe kwa sababu hiyo.

Ukishajilinda, sikiliza. Geuza ufunguo mara moja ukiwa makini. Gari gonjwa hutoa sauti zisizozidi nne, na kila moja inakutuma upande wake. Ya kwanza ni kimya kitupu huku taa za dashibodi ziking'aa vilevile: hapo amri haifiki kwenye stata, na ugonjwa uko kwenye nyaya nyembamba. Kama taa nazo zinazimika kabisa, anza na betri na vibano vyake. Ya pili ni "tak-tak-tak" ya haraka: amri inafika, lakini nguvu haitoshi kuishikilia, kwa hiyo shuku betri au kebo nene. Ya tatu ni "tak" moja nzito kisha basi: kilichogonga ni rilei au solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayoipa stata umeme, na umeme mkubwa unakwama kwenye kiungo, kwenye erthi, au ndani ya stata penye kaboni. Ya nne ni mlio wa stata kuzunguka peke yake injini ikiwa imetulia: hiyo ni bendiksi, ile gia ndogo ya stata, au meno ya gia ya injini, na hakuna waya utakaoitibu. Sauti hizi zilikuwapo siku zote ulipokuwa ukipanga foleni dukani. Wewe hukuziuliza.

Betri ndiyo ya kwanza kuhojiwa, kwa kuwa ni rahisi. Ikiwa imejaa na imepumzika, itakuonyesha volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na 12.0 iko taabani. Motahomu hukaa uani miezi mingi bila kuguswa, na betri hupungua yenyewe hata isipotumiwa. Ongeza baridi ya huku: kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri betri hubaki na karibu nusu ya nguvu yake, huku mafuta ya injini yamekuwa mazito na stata inataka nguvu zaidi. Ijaze kwanza, usiku mzima, ndipo uipime. Na uipime kwa mzigo: stata ikizungusha injini, betri nzima katika nyuzi 21 za joto haishuki chini ya volti 9.6. Maduka mengi ya vipuri huku hukupimia bila malipo. Betri ikianguka mtihani huo, usiendelee mbele, maana kila namba utakayoisoma baada ya hapo itakupotosha.

Betri ikifaulu, ingia kwenye njia nzito. Umeme wa stata una safari ya kwenda na ya kurudi, na wengi huisahau ya kurudi. Kwenye Ford za miaka ya 1970 na 1980, kebo nene hutoka kwenye chanya ya betri hadi kwenye rilei iliyofungwa kwenye bati la madigadi chini ya boneti, kisha hutokea upande wa pili wa rilei na kushuka hadi kwenye stata. Kurudi ni kutoka kwenye mwili wa stata, kuingia kwenye chuma cha injini, kupitia kebo ya erthi, hadi kwenye hasi ya betri. Chomoa waya unaoipa koili umeme ili injini izunguke bila kuwaka. Mwite mke wako au jirani akae kwenye usukani na ageuze ufunguo utakapomwambia. Asizidishe sekunde 10 kwa mara moja, na baada ya hapo iacheni stata ipoe dakika 2.

Weka mita kwenye volti za DC. Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa ndipo fundi anapotengana na mbadilisha vipuri. Hupimi kati ya chanya na hasi. Unapima kati ya mwanzo na mwisho wa njia ile ile. Ncha moja ya mita iguse risasi ya kichwa cha betri, si kibano kilichokishika. Ncha ya pili iguse bolti nene ya stata. Kabla ufunguo haujageuzwa utaona kama 12, usishtuke, ni kwa sababu rilei haijafunga njia. Mwambie mwenzako apige stata, usome wakati huo huo. Namba inayobaki ndiyo volti zilizopotea njiani. Ikibaki 12 ile ile, rilei haikufunga kabisa. Ikiwa chini ya 0.5, upande wa chanya ni mzima, uache.

Ikizidi hapo, sogea hatua kwa hatua. Kutoka kichwa cha betri hadi kibano chake. Kutoka kibano hadi bolti ya rilei. Kutoka bolti moja ya rilei hadi ya pili. Kutoka rilei hadi stata. Kiungo kizima hakipotezi zaidi ya 0.1, na rilei nzima haizidi 0.2 au 0.3. Mahali namba itakaporuka ndipo ugonjwa ulipo, na utakuwa umeugundua bila kufungua pochi. Usishangae ukiukuta mahali panapong'aa. Kebo nyingi za motahomu kuukuu zimevishwa plastiki nyeusi nzuri, na chini yake shaba imegeuka unga wa kijani. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe ndicho hicho unachokisikia kila asubuhi.

Upande wa erthi nao uufanyie vivyo hivyo: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata, penye chuma kilichokwanguliwa rangi. Isizidi 0.2. Kisha pima kati ya injini na chasisi, kwa sababu injini imekalia mpira na inategemea mkanda wa shaba uliosukwa ili ishikamane na chasisi. Mkanda huo ukikatika, umeme wa stata hautatulia. Utatafuta njia nyingine, na mara nyingine unarudi kupitia kebo ya gia au ya mafuta hadi zinapata moto. Kwetu Tanga adui alikuwa upepo wa bahari. Huku ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Chumvi ni ile ile, na kazi yake chini ya chasisi ni ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako: kasoro nyingi za stata nilizozitibu zilikuwa kwenye waya wa erthi uliofungwa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupatazama.

Njia nyepesi ni fupi kuieleza. Ufunguo hupeleka umeme mdogo, unaopita kwenye swichi ya usalama inayokataza gari kuwaka likiwa kwenye gia, hadi kwenye bolti ndogo ya rilei yenye herufi S. Jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P. Likiwaka, swichi ya usalama imelegea au imechakaa. Kama sivyo, pima volti kwenye S wakati ufunguo umegeuzwa hadi mwisho. Zikiwa haba, hasara iko nyuma: kwenye swichi ya usalama, au kwenye swichi ya ufunguo yenyewe, ambayo kwenye magari mengi ya aina hiyo iko chini kwenye nguzo ya usukani na husukumwa na fimbo. Fimbo ikisogea, ufunguo unafika mwisho lakini swichi haijafika. Na kama volti 12 zinafika kwenye S na rilei haitikisiki, usiitupe bado. Rilei hiyo ya Ford hupata erthi yake kupitia bati linaloishikilia. Bati likiwa na kutu au rangi mpya, rilei inabaki na mguu mmoja hewani. Gusisha waya kutoka hasi ya betri hadi kwenye mwili wa rilei, kisha jaribu tena. Ikigonga, dawa yako ni msasa na bolti safi.

Najua utamsomea haya rafiki yako mwenye motahomu ya Winnebago iliyojengwa juu ya chasisi ya Chevrolet P30, kwa hiyo mfikishie na hili. Kwake solenoidi haiko kwenye madigadi. Imepanda juu ya stata yenyewe, jirani na ekzosi. Lake litawaka asubuhi bila shida, na litagoma akisimama kujaza mafuta baada ya mwendo mrefu. Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 50 zikiongezeka, ukinzani umepanda kwa karibu asilimia 20. Solenoidi ya moto inataka volti zaidi ili ivute, na waya mwembamba wa zambarau unaotoka kwenye ufunguo umekwisha poteza sehemu yake katika safari ndefu ya kutoka dashibodi. Akipima volti kwenye S ya solenoidi gari likiwa la moto, ataiona hasara hiyo. Wengi hutatua kwa kuongeza rilei ya mtindo wa Ford karibu na betri, ili ufunguo uamuru rilei, na rilei ndiyo iipe solenoidi umeme wa njia fupi. Ni tiba nzuri, lakini baada ya kupima. Akiiweka bila kupima, atakuwa ameongeza viungo vinne vipya vya kuja kuoza.

Sasa nifike kwenye kinachonichosha zaidi. Motahomu ya umri wa kwako imeshapita mikononi mwa wengi, na kila mmoja ameacha waya wake. Huyu aliongeza redio, yule aliongeza taa, mwingine akaweka kikata-umeme karibu na mlango, na panya nao wakala walichokitaka. Hakuna aliyeandika. Zaidi ya hayo, gari lina betri za aina mbili: ya kuwashia injini, na za nyumba kwa ajili ya taa na pampu ya maji. Kwenye magari mengi kuna swichi ya kuazima umeme wa betri za nyumba wakati wa kuwasha. Itumie kama kipimo. Ukiibonyeza na stata ikazunguka kwa nguvu, stata yako haina lawama. Tatizo ni betri ya injini au kebo yake kabla ya pale njia mbili zinapokutana. Rilei inayoziunganisha betri hizo inafanana sana kwa sura na ya stata, lakini kazi zao si sawa. Ya stata imeumbwa kwa sekunde chache, ya betri hubaki imefunga safari nzima. Kuna waliozibadilishana kwa kuangalia sura, na ile ya sekunde chache ikaungua njiani.

Fuata kila waya mpaka mwisho wake. Usikate usioujua, kwanza ujue unakwenda wapi. Tazama hasa vile vipande vifupi vya waya karibu na rilei au stata vilivyowekwa makusudi kuwa vyembamba ili viungue vya kwanza njia ikizidiwa. Plastiki yake ikiwa imevimba, au ukiuvuta kidogo unarefuka, ndani umekatika. Ukikuta mmoja wa waliotangulia ameweka waya mnene mahali pake, ujue ameiondoa kinga ya moto katika nyumba unayolala na watoto.

Ukishaugundua ugonjwa, tibu kikamilifu. Usiweke kebo nyembamba kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani. Chukua mita 4 za kebo: ile ya namba 4 ya Kimarekani, yenye milimita za mraba 21, kwa ampea 200 hupoteza kama volti 0.65, ile ya 2/0, yenye milimita za mraba 67, hupoteza 0.2 tu. Urefu ni ule ule, stata ni ile ile, tofauti ni unene. Kichwa cha kebo kibanwe kwa koleo la kazi hiyo, si kwa nyundo, kisha kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani, ili chumvi isiingie. Kwangua chuma mpaka king'ae, kaza, halafu paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kazwa. Na usitie viraka vya mkanda wa plastiki kwenye kebo ya stata. Mkanda huo huficha, hautengenezi.

Mwanangu, sijakaa nikakuandikia yote haya kwa sababu ya stata. Nimeona watu wakifanya maisha yao hivi hivi. Kitu kikigoma, wanabadilisha kinacholalamika: mke, kazi, mji, rafiki. Kile kinacholia ndicho kinachotupwa, na kile kinachokula nguvu kimya kimya kinabaki mahali pake kikisubiri kijacho. Kisha wanashangaa kipya nacho kinalia baada ya siku chache. Ile stata yako ya kwanza, uliyoirudisha dukani ili upewe amana yako ya dola chache, huenda ilikuwa nzima. Hatutajua tena, imeshakwenda. Kubadilisha bila kupima huondoa hata ushahidi.

Kwa hiyo fanya hivi Jumamosi. Jaza betri Ijumaa usiku. Chukua mita, daftari na mtu wa kugeuza ufunguo. Pima nilivyokueleza, na kila namba uiandike pamoja na mahali ulipoipima. Ukibadilisha waya, ufunge lebo ya plastiki uandike unatoka wapi na unakwenda wapi, na daftari hilo likae ndani ya gari siku utakapoliuza. Atakayelinunua atakuombea dua bila kukujua, na hiyo ni sadaka isiyokugharimu kitu. Ukimaliza, pima mara ya mwisho: ncha moja ya mita kwenye bolti nene ya stata, nyingine kwenye mwili wake, huku ufunguo umegeuzwa. Kama zinafika volti 9 na nusu au zaidi, na injini ikizungushwa kwa spana kwa mkono inazunguka bila kukwama, lakini stata bado imelala, basi ni stata kweli. Hapo nenda ukainunue ya tatu, wala usisikitikie hata senti moja.